Lenzi ya Kushoto

Mtaani kwetu wananiita Pimamaji. Miaka arobaini nimetembea na kile kifaa cha kupimia usawa kwapani, na nikiingia nyumba ya mtu, kabla sijamaliza kusalimia, jicho limeshashuka sakafuni. Si jina baya. Wapo mafundi wenye majina ambayo watoto wao wanayaonea haya. Kati ya nyumba kumi na tisa zilizopanda kilima chetu, kumi na nne nimezijenga mimi, na hakuna hata moja ambayo ukiweka gololi sakafuni itabiringika. Nayasema haya mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyeletewa barua kwamba sakafu yake inapitisha sumu.

Aliyeileta ni mwanamke wa idara ya afya, mrefu, mpole, mwenye begi la mgongoni lililojaa kuliko yeye mwenyewe. Watu walishampa jina: Bi Kipimo. Miezi mitatu kabla ya hapo alikuwa amepita nyumba kwa nyumba akigawa vikopo vyeusi vya plastiki, vidogo, vya kuweka kwenye chumba cha chini na kuviacha hapo bila kuvigusa wala kuvifunika. Siku ile sikuwepo. Alikipokea binti yangu, akakiweka kwenye rafu karibu na cherehani yake. Nilipokiona nilidhani ni kifungo cha koti la mtu mnene.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Naona umeandika hapa elfu moja na mia mbili. Elfu moja na mia mbili ya nini?"

"Radoni, mzee. Ni gesi. Inatakiwa isizidi mia moja, na ikishindikana kabisa, isipite mia tatu. Ya kwenu ndiyo kubwa kuliko zote mtaani."

"Kwa hiyo nyumba yangu inanuka."

"Hainuki. Radoni haina harufu. Haina rangi, haina ladha."

"Haina harufu, haina rangi, haina ladha," nikamwambia. "Mwanangu, mimi nikimwambia mteja nimemjengea ukuta usioonekana wala kuguswa, atanifanyaje?"

Alicheka, na hilo likaniudhi zaidi, maana sikuwa natania. Akaeleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kueleza mara mia. Mwamba wa kilima chetu ni itale, na ndani ya itale mna urani kidogo, kila mahali, kama chumvi kwenye unga. Urani inajivunjavunja yenyewe, na katika kuvunjika kwake hutoa hiyo gesi. Gesi inapanda kupitia udongo. Uwanjani inapeperuka na kwisha. Nyumbani inaingia kwenye nyufa za sakafu, na kama chumba kimefungwa inabaki humo, watu wanaivuta mwaka baada ya mwaka.

"Haikohoshi, haiwashi," akasema. "Lakini baada ya sigara, hakuna kinacholeta saratani ya mapafu kwa watu wengi kama hiki."

Aliposema mapafu, mlio wa cherehani chini ulikatika. Chumba cha chini kinafikiwa kwa ngazi saba kutoka sebuleni, na mtu aliye kule anasikia kila neno.

Nilimwambia Bi Kipimo kwamba sakafu zangu hazina ufa. Nikamwambia nimeisikia ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tangu nikiwa mdogo, na kwamba aliyeitunga hakuwahi kujenga hata banda la kuku. Kisha nikamwonyesha mlango. Mlango wenyewe niliutia mimi, na uko wima.

Habari za mtaani hazihitaji gari. Jioni hiyo jirani yangu Dereva, aliyestaafu malori lakini bado anaongea kama anashindana na injini, aliniita kwenye ukuta wa mpaka wetu. Naye alikuwa amepewa barua, yake ikisema mia nane, na idara ilitaka kuja kutoboa sakafu yake na kuweka bomba la kuvuta hewa.

"Nimewaambia Pimamaji amekataa," alisema. "Kama aliyeijenga nyumba amekataa, mimi niliyeinunua ni nani?"

Wengine watatu wakasema vivyo hivyo. Nakiri ilinipendeza. Mtu ukisifiwa kwa kazi yako unanenepa bila kula.

Sasa nieleze habari ya chumba chenyewe. Nilikichimba nusu ndani ya mwamba, kwa nyundo na tindo, miezi mitano, kwa sababu mke wangu alitaka mahali pa kushonea pasipo na vumbi la barabarani. Alikuwa anashona magauni ya maharusi, vitambaa vyeupe tupu, na doa moja lilikuwa linamkosesha usingizi. Alishona pale miaka kumi na sita. Kisha akaanza kukohoa, akapimwa, wakasema ni saratani ya mapafu, na mwanamke yule hakuwahi kuishika sigara hata kumshikia mtu. Tangu afariki ni miaka minne.

Msibani watu walisema ni vumbi la vitambaa. Mmoja alitikisa kichwa akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," na mimi nikaitikia. Niliamini. Nilitaka kuitoa ile cherehani nje siku ya pili, nisiione tena. Binti yangu alikaa mbele yake akakataa kuinuka. Sasa amefika umri wa miaka arobaini na mitatu, hodari kuliko mama yake, na hukaa kwenye kiti kilekile.

Siku tatu baada ya ile barua, nilishuka ngazi kumpelekea chai. Alikuwa anatunga uzi, ameinua sindano mbali na uso, amekunja jicho moja. Hakunitazama.

"Baba, mimi nakaa hapa saa kumi kwa siku."

"Najua."

"Mama naye alikaa hapa saa kumi kwa siku." Uzi ukakosa tundu, akaulowesha mdomoni, akajaribu tena. "Sikuambii utoboe. Nakuambia nenda kwa yule dada, ukaone anachokipima. Ukirudi ukaniambia ni uongo, nitakuamini wewe na sitauliza tena. Usipokwenda, mwisho wa mwezi nahama na cherehani yangu."

Sauti hakuipandisha. Angepiga kelele ningejua la kumjibu, maana kwa kelele mimi sina mpinzani. Nilirudi juu na chai yangu mkononi, nikagundua nimesahau hata kumwachia.

Nilikwenda kesho yake asubuhi, na nilikwenda kugombana. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, korido ndefu yenye vigae vilivyowekwa na mtu mwenye haraka, na mwisho wake chumba chembamba chenye meza ya zege, jokofu na beseni la chuma linalochemsha kitu polepole. Harufu niliifahamu. Ni ile soda kali wanayotumia watengeneza sabuni, inayochubua ngozi.

Bi Kipimo hakuonyesha kushangaa kuniona. Alinivutia kiti, akafungua kikopo cheusi, akatoa ndani yake kipande cha plastiki angavu kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

"Kipimo ndicho hiki. Kikopo ni nyumba yake tu."

"Kinapimaje? Hakina waya, hakina sindano, hakina chochote."

"Kinakaa tu. Kinapigwa."

Kwanza aliniwekea kwenye hadubini kipande ambacho hakikuwahi kukaa nyumbani kwa mtu, kilichohifadhiwa kwenye jokofu tu. Niliona mwanga, uwanja mweupe mtupu, na vidoa viwili vitatu. Nikasema, "Naona ukuta uliopigwa lipu vizuri." Kisha akatoa hicho, akaweka kile kilichokaa nyumbani kwangu.

Uwanja ulikuwa umejaa mashimo. Madogo, ya duara, mengine yamelala upande kama machozi, kila moja lina ukingo mkali uliokatwa safi kuliko kazi ya keekee yoyote niliyowahi kuishika. Niliyahesabu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu. Yalikuwa sitini na manne, na hiyo, aliniambia, ilikuwa sehemu ndogo kuliko kichwa cha msumari.

"Kila shimo ni nini?"

"Ni chembe moja, mzee."

"Moja?"

"Moja. Ya radoni, au ya vile radoni inavyogeuka kuwa. Ndogo kiasi kwamba ukipanga milioni kumi kwa mstari hazifikii urefu wa punje ya mchele. Inapasuka, inarusha kipande, kipande kinachoma plastiki. Kovu hulioni mpaka tulichemshe kwenye soda likue." "Na hapo nilipoweka plastiki, wewe weka mapafu."

Niliinua uso kwenye hadubini, nikaurudisha tena. Hasira niliyokuja nayo niliitafuta sikuiona. Miaka arobaini nimelipiga jiwe lile kwa nyundo. Nimelipasua, nimelipanga, nimelikalia wakati wa kula, na siku zote nilidhani ni kitu kilichokufa. Kumbe lilikuwa linafanya kazi. Mimi nikipumzika Jumapili, lenyewe halipumziki.

"Limeanza lini kujivunja?" nikauliza.

"Kabla ya mtu yeyote. Kabla ya mti. Urani iliyo kwenye kilima chenu ilikuwepo kabla dunia haijashikamana ikawa dunia. Na mpaka leo haijafika hata mwisho wa kuvunjika kwake."

Nilikuwa naogopa, na katika hofu hiyo kulikuwa na heshima, ile unayoisikia ukiingia mahali ukavua viatu bila kuambiwa. Ili tu nisikae kimya sana, maana haikuwa desturi yangu, nikauliza plastiki ile wanaiagiza wapi.

"Si kitu cha ajabu, mzee. Ni ileile ya kutengenezea lenzi za miwani."

Nilimshukuru, nikaaga, nikashuka ngazi. Nilipofika chini ndipo nilipokumbuka.

Mke wangu alikuwa na miwani ya kushonea. Nilimnunulia mimi, baada ya kuona anashindwa kutunga uzi, na kwa kuwa barabarani aliona vizuri, haikutoka kwenye chumba kile hata siku moja. Asubuhi anavaa, jioni anaivua na kuilaza juu ya cherehani. Alifanya hivyo miaka kumi na mmoja. Alipofariki tuliiacha palepale alipoilaza, minne mingine. Binti yangu anapofuta vumbi huiinua, anafuta, anairudisha.

Nilimweleza yote, mashimo, soda, na plastiki. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameweka mikono magotini.

"Itaharibika?"

"Lenzi itakayochemshwa, ndiyo."

"Hiyo ni miwani ya Mama."

"Najua ni ya nani. Niliinunua mimi."

Nisingemlazimisha, na nadhani nilikuwa natumaini atakataa, ili nipate sababu ya kutojua. Lakini yule ni mtoto wa mama yake. Alivuta droo, akatoa bisibisi ndogo ya cherehani, akakaza macho kwenye kile kiskurubu kidogo kama chembe ya mtama, akakilegeza.

"Moja tu," akasema. "Ya kushoto. Ya kulia ibaki kama alivyokuwa anaona."

Bi Kipimo aliigeuza lenzi mkononi muda mrefu. Alisema kweli tupu, na nilimpenda kwa hilo. Kwamba haitakuwa kipimo cha kuandikwa popote, imevaliwa, imefutwa, ina mikwaruzo, na ile miaka minne ya mwisho hawezi kuitenganisha na kumi na mmoja ya kwanza. Atakachokiona ataniambia, lakini namba hatanipa.

"Sikuja kufuata namba," nikasema.

Akavuta droo yake, akatoa miwani yake ya zamani, fremu imefungwa kwa gundi, akang'oa lenzi moja. "Mimi nakaa ghorofa ya nne," akasema, "madirisha hayafungi vizuri. Tuchemshe zote mbili pamoja, ili tuwe na cha kulinganisha." Sikumwomba. Niliona vidole vyake vikiifunga kila lenzi kwa waya, yake na ya mke wangu, na kuzishusha taratibu kwenye beseni.

Zilikaa humo saa sita. Niliambiwa niende nirudi, nikasema nakaa. Nilikula ndizi mbili dirishani. Nilivisema vigae vya korido mpaka mfagizi akakubaliana nami kwamba havikupangwa, vilimwagwa. Alasiri Bi Kipimo akavaa glavu, akazitoa, akazisuuza kwa maji mengi, akazilaza juu ya kitambaa cheusi.

Yake ilikuwa angavu. Mikwaruzo ilionekana zaidi, lakini weusi wa kitambaa ulipita kama kawaida.

Ya mke wangu ilikuwa nyeupe. Ilikuwa na ukungu kama kioo cha bafu, ukungu ulioenea sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na kitambaa hakikuonekana chini yake. Haikuhitaji hadubini. Nilitazama kwenye hadubini hata hivyo, kwa sababu nilikuwa nimekuja kuona. Hapakuwa na cha kuhesabu. Mashimo yalikuwa juu ya mashimo, hapakuwa na nafasi ya kuweka jingine.

Nilistaajabu kwanza, na huo ndio ukweli. Kabla ya huzuni ilinijia ajabu tupu, kwamba kitu kidogo kiasi kile kimefanya kazi kubwa kiasi kile bila sauti, mbele ya macho ya mwanamke anayetazama sindano. Miaka yote ile alikuwa ananitazama kupitia kile kipande na wote wawili tuliona ni safi. Huzuni ikafuata, na ilipokuja haikubisha hodi.

Nikamwambia Bi Kipimo neno ambalo sikuwa nimemwambia mtu, hata binti yangu. "Chumba kile kilikuwa na matundu ya hewa manne. Juu, karibu na dari. Aliniambia vumbi linaingia kwenye gauni la harusi. Nikayaziba. Kwa saruji nzuri, siku moja. Alifurahi sana."

Alivua glavu. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Hakuna aliyejua, mzee. Ndiyo maana natembea na begi." Kisha akasema, kwa upole uleule, "Na siwezi kukuambia kwamba hiki ndicho kilichomuua. Hakuna anayeweza kukuambia hivyo. Naweza kukuambia tu alichokuwa anakivuta."

Nilirudi na lenzi ndani ya bahasha. Binti yangu aliichukua, akaishika mbele ya balbu, akaishika muda mrefu. Nikamweleza habari ya matundu. Nilitegemea anilaumu, nilikuwa nimejikaza tayari. Alisema tu, "Nyundo yako iko wapi?" Siku ileile tukayafungua yote manne, mimi juu ya meza, yeye ameshika meza, magauni ya watu tumeyafunika kwa shuka.

Matundu peke yake hayatoshi, Bi Kipimo alishasema. Ikabidi aje fundi bomba. Sasa, mimi na mafundi bomba hatujawahi kupatana. Mwashi anajenga ukuta wiki nzima, fundi bomba anaukata kwa nusu saa huku anapiga mluzi. Huyu alikuwa anapiga mluzi tangu mlangoni. Alitazama sakafu nyekundu ambayo mke wangu aliisugua kwa nta kila Jumamosi, akasema kwa chumba kirefu vile na nyumba yenyewe juu yake, itabidi kutoboa mashimo manne, pengine matano.

"Toboa moja," nikasema.

"Mzee, hewa haitafika pembeni. Chini kumejaa udongo."

"Chini nimejaza mimi. Toboa moja."

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa na ukorofi wake. Mawe ya chini ya sakafu hakutaka yamwagwe kwa toroli. Yapangwe kwa mkono, moja moja, yasimame kwa ubavu, na kati yao usitie udongo hata konzi moja. Tulimcheka, kwani nani ataona? Lakini mkono ukishazoea umezoea, na nyumba zangu zote kumi na nne nimezipanga hivyo. Mawe hayohayo ya kilima, yenye hiyo gesi, niliyapanga mwenyewe chini ya miguu ya mke wangu. Sikumficha fundi bomba hilo. Aliacha kupiga mluzi.

Akatoboa moja, pembeni, upana wa sahani ndogo. Akatoa mawe machache kutengeneza kishimo, akasimamisha bomba kutoka humo, likapanda ukutani mpaka juu ya paa, na huko juu akafunga feni isiyo kubwa kuliko sufuria. Akaiwasha. Ilinguruma kidogo, ikatulia.

Bi Kipimo akamkabidhi binti yangu kipande cha dawa ya mbu inayofuka. "Pita nayo kandokando ya ukuta, chini kabisa. Tuone."

Akaanza karibu na bomba, amechuchumaa. Moshi ulikuwa unapanda wima, uzi mwembamba wa kijivu. Ulipofika mahali sakafu inapokutana na ukuta ukasita, ukapinda, ukalala, ukaingia chini. Ni palepale nilipoapa hapana ufa. Binti yangu akasogea hatua moja, ukaingia tena. Akasogea mpaka katikati ya ukuta, mpaka penye ngazi, mpaka kona ya mbali kabisa kwenye cherehani, hatua kumi na nne kutoka kwenye bomba, na pale chini ya kile kiti moshi ukapinda vilevile, taratibu, kama uzi unaovutwa na mtu aliye upande wa pili.

Fundi bomba alipiga magoti akaweka kiganja sakafuni.

"Tundu moja," akasema. "Inavuta mpaka huku kwa tundu moja. Mzee, nani alikufundisha kupanga hivi?"

Nilikuwa natazama moshi. Sakafu yangu, niliyoijua tangu ikiwa mchanga na saruji kwenye karai, ilikuwa inavuta pumzi kwenda chini, na kilima kizima kilichokuwa kinatupumulia usoni miaka ishirini sasa kilikuwa kinapumua kupitia bomba, juu, kwenye anga, ambako kuna nafasi yake. Kosa langu na kazi yangu nzuri vilikuwa vimelala mahali pamoja, vimeegemeana. Nililia mbele ya fundi bomba, jambo ambalo sikutarajia kulifanya maishani.

Siku iliyofuata nilirudisha lenzi kwenye fremu, ya kushoto nyeupe, ya kulia angavu, nikaenda kwa Dereva. Alikuwa uwanjani kwake anasoma gazeti. Sikuwa nimepanga hotuba.

"Vua miwani yako, vaa hii."

"Ya nani?"

"Vaa kwanza."

Akavaa. Aligeuza kichwa huku na huku, akafumba jicho moja, akafumba jingine. "Hii ya kushoto imekufa. Naona maziwa."

Nikamweleza. Nilimwambia ilikaa wapi, miaka mingapi, ilichemshwa kwenye nini, na ya yule dada wa ghorofa ya nne ilitokaje. Nilimwambia habari ya matundu. Nilimwambia nyumba yake nimeipanga mawe kama ya kwangu, kwa hiyo kosa ni langu, na kwa hiyo pia tundu moja litatosha. Sijawahi kumwona Dereva akisikiliza kitu muda mrefu hivyo bila kukatiza. Aliivua ile miwani kwa mikono miwili, kwa adabu, maana alimfahamu mwenye miwani na alikunywa chai yake mara nyingi. Akanirudishia. Kisha akaokota ya kwake kutoka juu ya gazeti, akaiinua kuelekea jua, akaitazama ilivyo safi.

"Hii naivulia kitandani kila siku," akasema. "Mwaka wa tisa." Aliendelea kuitazama. "Yule mpiga mluzi wako anapatikana lini?"

Nimezunguka nyumba zote kumi na nne. Zile tano nyingine, zilizojengwa na watu wasiojua kupanga mawe, zimehitaji matundu matatu matatu, na sisemi hivyo kwa ubaya. Siku hizi, mtu akiniita kujenga, kabla ya kumwaga zege nalaza bomba kabisa na kuliacha limechungulia, na vijana wakiuliza la nini nawapeleka kwanza kwa Bi Kipimo wakaone. Wanakwenda wanacheka, wanarudi wanatembea polepole.

Kipimo cha pili cha chumba cha chini kilikaa miezi mitatu. Bi Kipimo alinipisha kwenye hadubini nihesabu mwenyewe. Niliona mashimo matatu. Nilihesabu tena, nikidhani nimekosea, kisha nikaomba anionyeshe tena uwanja mtupu wa jokofu, nikatazama kimoja, nikatazama kingine. Yeye alisema namba ni sitini. Mimi nilikuwa naangalia ule weupe.

Nilipofika nyumbani nilishuka ngazi saba kumwambia binti yangu. Alikuwa amevaa miwani. Alikuwa amekwenda kuinunua asubuhi hiyo bila kuniambia, amechoka kukunja jicho, na alipoinua uso kunitazama nilishtuka, maana kwa mwanga ule alikuwa mama yake mtupu.

"Matatu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga yake, akailaza juu ya cherehani, kando ya ile ya mama yake. Nikamwambia aiweke kwenye kasha lake, mpya ile, itachakaa.

"Iache hapo, Baba," akasema. "Nikizeeka, waichemshe."